Valerie Moraa, muuguzi wa mbwa waliopooza

Saa moja kasorobo asubuhi, jua la Januari bado halijachomoza kugusa barafu iliyoganda madirishani, Valerie Moraa amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, orofa ya saba ya jengo moja la Downsview, mjini Toronto. Mbele yake, juu ya taulo kuukuu, yuko mbwa mfupi wa miguu na mrefu wa mgongo, mwenye masikio yanayoning'inia kama soksi zilizoanikwa.

Miguu ya nyuma ya mbwa huyo haina kazi. Valerie ameishikilia kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili anapapasa tumbo, taratibu, akitafuta kitu cha ukubwa wa ndimu.

"Hapo," anasema, na anabana. Mkojo unatiririka kwenye bakuli la plastiki. "Asante, mama. Asante sana. Kazi nzuri hiyo."

Anayeshukuriwa ni Penny, jike wa miaka sita. Ni wa ile aina inayoitwa dachshund, ambayo Wakenya wengi wa hapa huiita tu mbwa soseji. Diski ya uti wa mgongo wake ilipasuka kabla ya Krismasi na kubana mishipa ya fahamu. Akafanyiwa upasuaji. Sasa anatakiwa kulala ndani ya tundu dogo kwa majuma sita, asiruke, asikimbie, na mtu ambanie kibofu mara nne kwa siku maana mwenyewe hajui tena kukojoa.

Mtu huyo ni Valerie. Halipwi hata senti moja. Mshahara wake, dola ishirini na tano kwa saa, anaupata kwenye makao ya wazee yaliyo mwendo wa basi moja kutoka hapa, ambako kuanzia saa tisa alasiri huwaogesha, huwalisha na huwageuza vitandani watu wasioweza kujigeuza.

"Watu huniuliza, wewe hujachoka kuwashika wagonjwa kazini, halafu unarudi nyumbani kumshika mwingine?" anasema huku akimfuta Penny. "Nawajibu, huyu angalau hanitukani."

Anacheka. Kisha anaongeza: "Mimi nina shukrani kubwa sana. Watu hawajui tu."

Shukrani hizo zina historia. Valerie, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, alizaliwa karibu na Keroka, katika nchi ya Abagusii, na kwao mbwa alikuwa wa nje. Alilala chini ya ghala, akala kilichobaki, akabweka. Hakuna aliyemshika. Valerie mwenyewe aliumwa pajani akiwa darasa la tatu, alipotumwa maziwa kwa jirani, na tangu siku hiyo, kwa miaka mingi, akiona mbwa upande huu wa barabara alikuwa akivuka kwenda upande ule.

Alipofika Canada na mumewe, Nyakundi, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, kitu kilichomshangaza kuliko theluji ni mbwa ndani ya lifti. Na katika jengo lao alikuwako mmoja, mbwa soseji wa rangi ya kahawia iliyokoza, aliyemtia woga moyoni kila alipomwona. Alikuwa wa mama mmoja wa Kihindi wa orofa ya sita.

"Nilikuwa nikimwona huyo mama na mbwa wake wanasubiri lifti, najifanya nimesahau kitu nyumbani," anakumbuka.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa Februari, mzee mmoja aliteleza bafuni kazini kwake. Valerie alimdaka. Mzee hakuumia hata kidogo, lakini kitu kilichanika mgongoni mwa Valerie. Daktari alimwambia ni diski, na akamwamuru alale.

Alijikokota hadi nyumbani. Ndani ya lifti aliegemea ukuta akifumba macho, na maneno yakamtoka: "Mungu wangu, mgongo."

Sauti ikamjibu kutoka pembeni. "Wewe mtu wa Kenya?"

Alikuwa yule mama. Jina lake Gulzar Fatehali, mjane mwenye umri wa miaka sabini na tisa sasa, Mwismaili aliyezaliwa Kisumu na kuhamia Canada mwaka 1974. Kiswahili chake kimebaki vile vile alivyokifunga kwenye sanduku siku ile. Mbwa alikuwa kwapani. Valerie hakuwa na nguvu za kukimbia.

"Nilimwambia, kutoka Keroka. Akapiga kelele pale ndani ya lifti. 'Keroka! Baba yangu alikuwa na duka Kisii! Sisi tulikuwa tunapita Keroka kununua ndizi!' Akanishika mkono, akanipeleka mpaka mlangoni kwangu."

Siku iliyofuata, adhuhuri, mlango ukagongwa. Nyakundi alikuwa safarini upande wa Winnipeg. Gulzar aliingia na bakuli la kichri, wali uliopikwa na pojo hadi ukalainika, na nyuma yake akaingia mbwa. Valerie alikuwa amelala chini, kwenye godoro sebuleni.

"Nikamwambia, mama, tafadhali, huyo mnyama. Akaniambia, 'Huyu si mnyama, huyu ni Bajia.' Bajia akaja, akanusa miguu yangu, akajilaza juu yake. Ningefanya nini? Siwezi kuinuka, siwezi kumfukuza. Ndivyo tulivyofahamiana."

Gulzar alikuja kila siku kwa majuma matano. Alifua, alipika, alisimulia habari za Kisumu ya zamani, akamkanda Valerie miguu kwa mafuta ya nazi. Hakuombwa, wala hakuwahi kuuliza atapata nini. Valerie alipoanza kutembea tena, aliomba kitu kimoja tu: awe anamtembeza Bajia wakati barabara zina barafu, ili mama asianguke.

Na hivyo ndivyo mwanamke anayeogopa mbwa alivyoonekana akipita mitaa ya Downsview, katikati ya maghala na viwanda, akivutwa na mbwa wa kimo cha ndoo ndogo.

Mwaka juzi mwezi wa Novemba, Bajia aliruka kutoka kwenye kochi, kama alivyofanya maelfu ya mara. Safari hii alipotua, alilia kilio ambacho Gulzar anasema alikisikia kwenye meno. Alipojaribu kutembea, miguu ya nyuma ilimfuata ikiburutwa.

Gulzar alimpigia Valerie simu. Alisema neno moja: "Njoo."

Walikwenda kwa teksi hadi kliniki ya mifugo ya binafsi. Daktari aliwaambia kwamba bila upasuaji ndani ya siku moja Bajia hatatembea tena, na kwamba upasuaji ungegharimu dola elfu kumi na mbili. Gulzar anaishi kwa pensheni. Mwanawe, Riaz, aliye Calgary, alikuwa amepunguzwa kazini mwezi uliotangulia.

"Mimi nikasema tutachanga, kanisani kwetu, jamatikhana kwenu," Valerie anasimulia. "Mama akakataa. Akasema, 'Kuna watoto wanalala njaa, mimi nisimame mbele ya watu kuomba pesa ya mbwa?' Na hakukuwa na muda."

Njia moja ilibaki. Shirika kubwa la kutetea wanyama mjini, lile lenye magari yake, hospitali yake na matangazo kwenye televisheni, lina madaktari wa upasuaji na hutibu bure mbwa waliokabidhiwa kwake. Sharti ni kwamba mbwa akikabidhiwa si wako tena. Gulzar alitia saini. Alimbusu Bajia katikati ya macho, akamkabidhi, akatoka nje akiwa bado ameshika kamba ya shingoni mwake.

Valerie alibaki ukumbini. Ndiye aliyemwona daktari wa shirika, Laiba, akibana kidole cha mguu wa nyuma wa Bajia kwa koleo. Bajia aligeuza kichwa kutazama.

"Bado anasikia maumivu," Laiba alimwambia. "Tukimpasua leo, kuna matumaini."

Lakini daktari hakuonekana mwenye furaha. Valerie alimuuliza kulikoni. Laiba alimweleza ukweli, na hata leo, alipozungumza na mwandishi wa makala haya, hakuuficha.

"Upasuaji kwetu ni saa mbili," anasema Laiba. "Shida ni majuma sita yanayofuata. Hapa kuna mbwa themanini wanaobweka. Mgonjwa wa mgongo akisikia kelele anataka kuinuka, na akiinuka anaharibu tulichoshona. Wafanyakazi wetu ni wazuri, lakini kila mmoja ana vizimba ishirini. Tuna meza ya upasuaji. Mtu wa kukaa chini sakafuni na mbwa mmoja siku nzima, huyo hatuna."

Mbwa wa namna hiyo wakikosa nyumba ya kuuguziwa, wengi mwisho wao huwa sindano.

Kulikuwa na kikundi kimoja, Laiba alisema. Watu wa kujitolea wanaookoa mbwa wa aina hii tu na si wengine. Akampa Valerie namba ya simu.

Kikundi hicho kina jina la Kiingereza lenye maana ya Migongo Mirefu. Hakina ofisi. Hakina gari. Ghala lake ni gereji ya mwenyekiti, Philip, dereva mstaafu wa mabasi ya shule anayeishi Mississauga, na wanachama wake ni tisa. Mwaka jana walipokea mbwa thelathini na mmoja, idadi ambayo shirika kubwa huipokea kabla ya chakula cha mchana. Lakini ukimuuliza yeyote kati yao jinsi ya kumnyanyua mbwa soseji, atakuonyesha papo hapo: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya nyonga, mgongo umelala sawasawa kama ubao. Wamewauguza wengi, na wamewazika wengi.

Valerie alipiga simu akiwa amesimama kwenye theluji nje ya hospitali. Philip alimsikiliza, akashusha pumzi.

"Nyumba zetu zote zimejaa, dada," alisema. "Mmoja wetu ana watatu. Wewe je? Unaweza?"

"Mimi sijawahi kufuga mbwa. Mimi naogopa mbwa."

"Unamwogopa huyu?"

Valerie alitazama mlango wa hospitali. "Huyu hapana," alisema.

Shirika lilikipa kikundi Bajia, na siku ya tatu baada ya upasuaji Philip alifika naye kwa Valerie, amebeba pia tundu, mikeka ya kunyonya maji na bakuli. Alikaa sakafuni pamoja naye tangu asubuhi hadi jioni, akiushika mkono wake na kuuongoza juu ya tumbo la Bajia mpaka alipokipata kibofu mwenyewe. Siku hiyo Nyakundi alirudi kutoka safarini, akafungua mlango, akakuta mzungu mwenye ndevu nyeupe na mbwa amelala kwenye taulo zake.

"Nilimwita mke wangu pembeni," Nyakundi anasema. "Nikamuuliza, sasa sisi tumefika hapa? Mbwa anaogeshwa kwenye bafu ninalooga mimi? Akanijibu, 'Ni Bajia wa mama Gulzar.' Nilipokuwa barabarani na mke wangu hawezi kuinuka, ni nani alikuwa anampa chakula? Nikavua viatu, nikauliza taulo safi ziko wapi."

Palikuwa na jambo moja zito. Kanuni ya Migongo Mirefu, kama ilivyo ya shirika kubwa, ni kwamba mbwa aliyekabidhiwa harudishwi kwa aliyemkabidhi. Wapo watu huko nyuma waliowatupa mbwa wao ili watibiwe bure, kisha wakaja kuwadai. Valerie alimweleza Philip wazi kwamba mwenye mbwa anaishi orofa moja chini yake. Philip alikuna ndevu. "Tutazame kwanza kama atatembea," alisema.

Gulzar mwenyewe ndiye aliyekataa kuja. Valerie alishuka kumwambia kwamba Bajia yuko juu, mzima, anakula. Mama aliongea naye mlango ukiwa wazi nusu.

"Nikimwona nitamtaka," alisema. "Na si wangu. Nilitia saini. Binti yangu, usiniambie habari zake."

Kwa majuma mengi Gulzar alipanda ngazi za nyuma ili asikutane nao kwenye lifti. Valerie anasema hicho ndicho kipindi kilichomuumiza zaidi ya mgongo wake. Juu ana mbwa asiyetingisha hata mkia. Chini ana mama asiyetaka kuulizwa hali.

Juma la tatu likapita. La nne. Valerie alimkanda miguu asubuhi na mchana, akamzungusha vidole, akamwimbia nyimbo za kwao za kubembeleza watoto. Hakuna kilichobadilika. Alimwambia Philip labda wanamtesa tu. Philip alimwambia angoje.

Jumapili moja baada ya ibada, alikuwa akimwogesha Bajia kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Maji yalimrukia usoni. Alidhani ameyarusha mwenyewe. Yakamrukia tena. Ulikuwa mkia.

"Alipiga kelele nikajua ameanguka," anasema Nyakundi. "Nikaja mbio na sahani mkononi. Namkuta analia, anacheka, ameloa kichwa kizima, ananionyesha mkia. Na mimi nikaanza kumsifu Mungu kwa sababu ya mkia wa mbwa."

Mkia ulifuatwa na kidole, kidole kikafuatwa na goti. Kufikia mwishoni mwa Januari Bajia alisimama, akapepesuka kama mlevi, akapiga hatua, akaanguka, akasimama tena. Kufikia Machi alitembea, upande upande, nyonga zikienda zake na kichwa kikienda chake, lakini alitembea.

Hapo likaja lile jambo zito. Mume na mke vijana wa North York, wenye nyumba na ua, waliomba kumchukua. Walikuwa watu wema. Valerie mwenyewe aliwapenda.

Aliomba kusikilizwa kwanza. Watu tisa wa Migongo Mirefu walikutana jikoni kwa Philip Jumamosi asubuhi, na Valerie akawa wa kumi.

"Sikuwa na hotuba," anasema. "Nilisema, mimi nilipovunjika mgongo, huyu mama alinipikia na hakunijua. Hakumtupa mbwa wake. Alimwachia ili aishi. Hata kumwona amekataa, kwa sababu anaheshimu saini yake. Mtu kama huyo ndiye kanuni ilitungwa kumzuia? Basi nikakaa chini."

Samina, mweka hazina wa kikundi na mmoja wa waanzilishi wake, alipinga, tena kwa sababu nzito. Alisema mama ni mzee, hawezi kumnyanyua mbwa wa kilo kumi. Kesho diski nyingine ikipasuka watarudi pale pale. Na wakivunja kanuni kwa mmoja, watamwambia nini atakayefuata?

Walibishana hadi adhuhuri. Mwishowe Philip alipendekeza njia ambayo haikuwa imeandikwa popote: Bajia abaki mali ya kikundi daima, matibabu yake yawe juu ya kikundi, lakini aishi kwa Gulzar. Valerie atamnyanyua na kumtembeza. Siku mama atakaposhindwa, Bajia atapanda orofa moja tu.

Mikono sita iliinuka. Wa Samina haukuinuka. Lakini kesho yake asubuhi ni Samina aliyefika Downsview na kijidaraja cha mbao cha mteremko, kilichofunikwa zulia, ili Bajia apande kochi bila kuruka. Alikuwa amekipigilia misumari mwenyewe.

Laiba wa shirika kubwa anasema habari hiyo ilimfurahisha, na anaeleza kwa nini kwao isingewezekana. "Sisi tunapokea maelfu kwa mwaka. Kanuni ndiyo inayotuzuia tusimpendelee huyu na kumwonea yule. Wao wako tisa. Wanaweza kukaa jikoni wakabishana juu ya mbwa mmoja hadi chai ipoe. Kila upande unamhitaji mwenzake."

Valerie hakubali kusikia mtu akilisema vibaya shirika hilo. "Nani alimpasua Bajia? Nani hakudai senti? Mimi nawaombea wote, wale wenye magari na sisi wenye gereji."

Siku ya kumrudisha, hakumpigia Gulzar simu. Aliogopa atakataa. Alishuka ngazi na Bajia mikononi, akamweka chini mbele ya mlango, akagonga, akarudi nyuma hatua chache.

Gulzar alifungua. Alitazama mbele, hakuona mtu. Kisha akatazama chini.

Bajia alikwenda kwake kwa miguu yake minne, akipepesuka. Gulzar alishika mwimo wa mlango, akajishusha polepole mpaka akakaa kizingitini, na mbwa akapanda mapajani. Mama alimpapasa mgongo, mahali alipopasuliwa. Baadaye alimtazama Valerie, machozi yakimdondoka kidevuni, akauliza: "Saini yangu je?"

"Imebaki pale pale, mama," Valerie alimjibu. "Si wako. Ni wetu. Anakaa kwako tu."

Leo, Gulzar akiulizwa kuhusu jirani yake, hujibu kwa kifupi. "Mimi nilizaa mtoto mmoja wa kiume," anasema, akimkuna Bajia shingoni. "Huyu wa kike nilimpata kwenye lifti."

Tangu hapo Valerie amewauguza mbwa watatu. Wawili walitembea na kupata nyumba. Wa tatu, dume mzee, hakutembea. Alifia mikononi mwake mchana mmoja wa vuli, na Nyakundi aliahirisha safari ya lori ili asimwache peke yake. Penny ni wa nne.

Ana mpango sasa. Kazini kwake amewaona wazee wengi wanaolia si kwa sababu ya maradhi bali kwa sababu ya mbwa aliyeachwa, mwingine hajui hata mbwa wake alikopelekwa. Anataka njia iliyopatikana kwa Gulzar iwe ya wengine pia: mzee akae na mbwa wake, kikundi kibebe matibabu, na jirani mmoja mwenye miguu yenye nguvu apite kila siku. Philip na Samina wamekubali kuijaribu mwaka huu, Downsview na North York kwanza. Mwezi ujao Valerie atasimama kanisani kwao kuwaomba Wakenya wenzake wajitolee.

"Watanicheka," anasema. "Nitawaambia mbwa ndani ya nyumba, nusu ya kanisa itacheka. Wacheke. Wakimaliza nitawaeleza."

Penny amerudishwa tunduni, amelala kifudifudi, kidevu juu ya kitambaa. Valerie ananawa mikono. Simu yake inalia juu ya meza, na ni Philip. Kuna mzee anaitwa Hussain, mitaa mitatu kutoka hapa. Jumatatu analazwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa nyonga, hana mtu, na ameanza kuuliza pa kumkabidhi mbwa wake.

Valerie anamsikiliza huku akitafuta buti zake kwa mguu.

"Mwambie asimpeleke popote," anasema. "Mwambie kuna mtu anakuja sasa hivi."

Mlangoni, Nyakundi ameshashika funguo za gari.